Njia ya sanamu msitu wa Dean: nendeni, na bibi msimwache nyumbani

Dada, nimelisoma swali lako pamoja na majibu ya waliotangulia. Kwa faida ya anayeingia sasa: mnaishi Bristol, watoto ni watatu wa miaka 4, 8 na 13, mama mkwe amekuja kuwatembelea kutoka Tanga, na unataka kuwapeleka wote Jumamosi kwenye ile njia ya sanamu ndani ya msitu wa Dean, kule Gloucestershire. Shemeji amegoma. Anasema kuendesha gari saa nzima kwenda kuangalia mbao zilizooza ni kuchezea petroli. Mdau mmoja hapo juu kamuunga mkono, eti hizo ni sanaa za watu wasio na kazi ya kufanya.

Nianze na shemeji, maana kwenye hilo la mbao hajakosea. Zimeoza kweli, na zilikusudiwa zioze. Njia hii ilianza mwaka 1986, pale watu wa misitu waliposhirikiana na jumba la sanaa la Arnolfini la hapo hapo kwenu Bristol, wakawaalika wachongaji waje wakae msituni, wautazame, kisha watengeneze kitu kutokana na msitu wenyewe. Hawakuambiwa walete shaba za kuwekwa uwanjani zikae miaka mia tano. Wengi walitumia miti, na mti ukiachwa kwenye mvua ya Uingereza unafanya kile mti unachofanya. Kwa hiyo mkifika, msitegemee bustani iliyofyekwa yenye sanamu zinazong'aa. Mtakuta msitu, njia ya matope, na kila baada ya mwendo fulani kitu kinachokufanya usimame na kujiuliza, hiki kimeletwa au kimeota hapa?

Sasa kwa nini nasema nendeni. Mimi ni mtoto wa Tabora. Marehemu baba yangu alikuwa mtu wa reli, na kijijini kwa bibi yangu watu walichoma mkaa kwenye miombo kila kiangazi. Nilipofika Dean mara ya kwanza nilidhani nakwenda kuona mambo ya kizungu nisiyoyajua. Nilichokuta ni mkaa, reli, chuma na mashimo ya makaa ya mawe. Msitu ule unaonekana wa kitalii sasa, lakini kwa mamia ya miaka ulikuwa mahali pa kazi chafu. Waliyeyusha chuma kwa mkaa wa miti, wakachimba makaa ya mawe, wakajenga vireli vya kuyatoa. Mgodi mkubwa wa mwisho ulifungwa Desemba 1965, na miaka ishirini baadaye wachongaji ndio wakaja. Karibu kila kazi nzuri pale inazungumzia hizo shughuli, na mtu aliyekulia kwetu ana la kuwaeleza wanawe kuliko baba wa London aliyekulia kwenye hita ya gesi.

Mama yangu mzazi alipokuja kututembelea tulimpeleka, na yeye ndiye aliyenifundisha kuitembelea ile njia. Kuna kazi ya David Nash inaitwa Black Dome, ya mwaka huo huo wa 1986. Alichukua mamia ya vipande vya mti wa larch, aina ya msonobari, akavichonga ncha, akaviunguza mpaka vikawa vyeusi, akavipanga vimesimama kwenye duara, virefu katikati na vifupi pembeni, ikawa kama mgongo mweusi unaotoka ardhini. Tulipofika sisi vipande vingi vilikuwa vimeshalainika, kijani kimepanda juu yake, uyoga umejipenyeza katikati. Mke wangu alisoma kibao. Watoto walizunguka. Mama akasimama na mkongojo wake, akainama, akagusa kipande kimoja, akajitazama kidole, akasema: "Hili tanuru limekosa udongo."

Hakuwa amesoma kibao, na hata angetaka asingeweza, Kiingereza chake kinaishia "gudi moningi". Lakini ndicho kitu chenyewe. Nash alikuwa anawakumbuka wachoma mkaa wa Dean, ambao walipanga magogo, wakayafunika kwa majani na udongo, wakawasha ndani na kulala pembeni wakilinda moto usitoboe. Mama akaketi kwenye gogo akaanza kuwaeleza wajukuu: magogo mazito yanakaa chini, majani mabichi juu yake, udongo juu ya majani, mdomo wa kuwashia unaachwa upande wa upepo. Moshi ukiwa mzito na mweupe, bado maji yanatoka. Ukianza kuwa mwembamba wenye rangi ya bluu, mkaa umeiva, ziba. Ukichelewa unakuta majivu. Mwanangu wa kati akamuuliza kama aliwahi kuchelewa. "Mume wangu," akamjibu, maana ndivyo anavyomtania, "ningechelewa baba yako angesoma kwa ada ipi?" Hilo la ada mimi mwenyewe nilikuwa silijui vizuri. Nilijua kwamba mshahara wa reli haukutosha, sikujua nani alikuwa anaziba pengo.

Basi dada, mama mkwe wako asibaki nyumbani kuangalia televisheni. Sijui Tanga amefanya kazi gani, lakini kama ni mtu wa Handeni au Kilindi mkaa ataujua, na kama ni wa pwani kuna mitumbwi. Huyo huyo Nash aliacha pale mashua za magogo yaliyounguzwa, Fire and Water Boats, zimekaa kwenye mkondo wa maji kana kwamba zinasubiri mvua iwe kubwa ziondoke. Mpeni bibi nafasi ya kuongea kabla hamjasoma kibao.

Kazi iliyopendwa kuliko zote haipo tena, na hadithi yake ndiyo ya kumpelekea shemeji. Ilichongwa na Magdalena Jetelová, mwanamke wa Cheki, ikaitwa Place, ila wenyeji waliita kiti cha jitu. Kilikuwa kiti kikubwa mno cha magogo ya mwaloni, juu ya kilima, kinatazama bonde la Cannop. Mtu mzima alipita chini yake bila kuinama. Watu walichumbiana pale, walipiga picha za harusi pale, waliwaleta watoto na baadaye wajukuu. Kwa karibu miaka 30 kilisimama, kisha magogo yakaanza kuoza ndani na ikawa hatari. Kwetu, au hata hapa kwingineko, wangechukua zege na fito za chuma wakakiimarisha. Wao mwaka 2015 walikibomoa na kukichoma pale pale kuwa mkaa, kwa namna ya wachoma mkaa wa zamani. Kuna walionung'unika, na ninawaelewa. Mimi naona ni uamuzi wa heshima kuliko zege. Binti yangu hakubaliani nami mpaka leo, anasema wangechonga kingine kilekile. Mtafika juu ya kile kilima, mtaliona bonde, na mwenye miaka 13 mwulizeni yeye angefanyaje. Ni swali zuri kwa umri ule kwa sababu halina jibu la mwalimu.

Kwa wa miaka 8 nenda moja kwa moja kwenye Iron Road ya Keir Smith. Hii ni mataruma. Mataruma ya kweli ya reli, 20, ya mti mgumu wa Australia uitwao jarrah, yamelazwa kwenye tuta la reli iliyong'olewa zamani. Kila taruma limechongwa picha yake, vitu vya msituni na vya kazi za msituni. Ukitembea unakanyaga nafasi kati ya taruma na taruma, mwendo ule ule wa mtu anayepita relini, hatua zinakuwa fupi mno kwa mtu mzima au ndefu mno, hazikukai sawa hata ufanyeje. Siku tuliyokwenda mvua ilikuwa imenyesha usiku na maji yalikuwa yamebaki kwenye michongo, kila picha ikawa na kidimbwi chake. Wanangu walichovya vidole wakafuata mistari, halafu wakabishana hiki ni nini na kile ni nini. Sikuingilia. Ukianza kueleza kila picha unageuza mchezo kuwa mtihani, na wanafunzi watakukimbia.

Kisha kuna ile ambayo hata mdau wa "watu wasio na kazi" angenyamaza akiiona. Inaitwa Cathedral, ya Kevin Atherton, nayo ya 1986. Ni dirisha la vioo vya rangi, lile la makanisa makubwa, lakini hakuna kanisa. Limening'inizwa kwa nyaya juu sana katikati ya miti mirefu, juu ya njia, na picha iliyo kwenye vioo ni ya msitu wenyewe. Lina upana wa kama mita tatu na kwenda juu zaidi ya hapo, lakini kwa jinsi lilivyo mbali unaliona dogo mpaka ukaribie. Ushauri wangu wa dhati: fikeni hapo jua likiwepo, na baada ya kupita chini yake geukeni mlitazame kutoka upande wa pili. Likiwa na mwanga nyuma yake ni kitu kimoja, likiwa halina ni vioo vyeusi vimening'inia, na mtashangaa watu wanasifia nini. Msimwambie mtoto wa miaka 4 kwamba liko mbele. Mwacheni alione mwenyewe, kwa sababu watoto wadogo huwa wanatazama chini kutafuta vijiti, na yule wa kwanza kuinua kichwa anajiona kaligundua yeye.

Wa kwangu mdogo yeye aliangukia penzi kwa kulungu wa Sophie Ryder. Huyu ni mnyama mkubwa wa nyaya, pembe zake za matawi zimesukwa waya juu ya waya, amesimama anatazama. Nilimweleza mwanangu kwamba mimi nikiwa na umri wake nilitengeneza magari ya waya, lori zima na usukani mrefu wa kuliendeshea huku umesimama, magurudumu ya kandambili zilizokwisha. Hakuniamini mpaka nilipotafuta waya tuliporudi nikamtengenezea moja. Lilitoka baya kidogo, waya wa dukani hapa ni laini mno, haushiki kona.

Zile nyingine nazipitia haraka. Raw ya Neville Gabie, ya 2001, ni mti mmoja mzima wa mwaloni uliokatwa vipande na kupangwa upya ukawa bunda moja la pembe pembe. Mama yangu aliitazama akasema fundi kaondoka kabla ya kumaliza. Mimi naipenda, lakini siwezi kubishana naye, amekaa karibu na mafundi seremala maisha yake yote. House ya Miles Davies, 1988, ni chuma kirefu chenye umbo la nyumba juu ya miguu, na inakumbusha minara iliyosimama juu ya mashimo ya migodi. Echo ya Annie Cattrell ni sura ya ukuta wa machimbo ya mawe iliyonakiliwa na kusimamishwa mbele ya miamba. Watu wazima wanaitazama sana, watoto wangu walipita kama wamepita kituo cha basi. Na kuna vile vibao vidogo vya Ian Hamilton Finlay kwenye miti, vyenye maneno tu juu ya ukimya. Ukiwa na mtoto wa miaka 4 mwenye njaa, ukimya ni jambo la kusoma kwa mbali.

Mwenye miaka 13 atachoka katikati, nakuhakikishia, hasa mtandao ukikatika. Mpe ramani ashike yeye. Ramani ya karatasi, hiyo ya simu msiitegemee, kuna mabonde simu inakuwa tochi tu. Na mweleze habari za wachimbaji huru wa Dean, hii ilimshika binti yangu kuliko sanamu zozote. Kule kuna haki ya kale sana: mwanamume aliyezaliwa ndani ya eneo la St Briavels, akafikisha miaka 21, akafanya kazi mgodini mwaka mmoja na siku moja, anaandikishwa kuwa mchimbaji huru na anaweza kupewa eneo achimbe mwenyewe. Bado wapo wachache wanaochimba hadi leo. Imeandikwa mwanamume, na mwaka 2010 mwanamke mmoja aliyekuwa akifanya kazi mgodini aliidai haki hiyo na akaandikishwa. Binti yangu alitumia kilomita nzima kubishana na kaka yake kuhusu jambo hilo, miguu ikasahau kuuma.

Hata mialoni yenyewe ina kisa. Mingi mnayoiona ilipandwa mwanzoni mwa karne ya 19 kwa ajili ya meli za vita, baada ya Nelson, yule amiri wa jeshi la majini, kupita pale na kuandika kwamba msitu umechakaa na jeshi la majini litakosa mbao. Wakapanda mbegu kwa wingi. Mwaloni unataka zaidi ya miaka mia kukomaa, na ilipofika hapo meli zilikuwa za chuma. Serikali iliyopanga vizuri namna hiyo na bado ikakosea, huyo shemeji atapenda.

Sasa mambo ya safari. Kutoka Bristol mnavuka daraja la zamani la Severn kuelekea Chepstow, na ushuru wa daraja ulifutwa mwishoni mwa 2018, kwa hiyo hapo petroli ya shemeji imepata nafuu. Kutoka Chepstow mnapanda kuelekea Coleford. Mahali pa kuanzia panaitwa Beechenhurst, iko kwenye barabara kati ya Coleford na Cinderford. Kuitembea njia ni bure. Mnacholipia ni maegesho. Pana vyoo, mgahawa na uwanja wa watoto kuchezea, na hapo kwenye uwanja ndipo pa kuwa na msimamo: ukiwaruhusu kabla ya matembezi, hamtembei tena. Semeni ni baada ya kurudi. Kwa asiye na gari, kituo cha treni cha karibu ni Lydney, na kutoka hapo ni teksi au basi la kubahatisha. Kwa familia yenye bibi sishauri.

Duara zima ni kama kilomita saba. Kwa mtu peke yake ni masaa mawili, kwa familia yako hesabu nusu siku, na msione aibu kukata njia. Zipo njia fupi za kurudia, na ramani inazionyesha. Sisi na mama hatukuzunguka lote. Tulichagua zile tulizotaka, yeye akapumzika kwenye kila gogo lililokauka, na mke wangu akakaa naye huku mimi nikipanda kilimani na watoto kisha tukabadilishana. Bibi akisema amechoka msimbembeleze kwamba bado kidogo, kurudi pia ni mwendo. Kigari cha mtoto kinapita sehemu kubwa kama kina magurudumu makubwa, vile vya kukunja vyenye magurudumu ya madukani vitazama. Wa miaka 4 atatembea, ila beba kitenge cha kumbebea mgongoni. Mimi nimebeba mtoto kwa kitenge katikati ya wazungu wenye vifaa vya paundi mia mbili na hakuna aliyeniuliza ila mzee mmoja aliyetaka kujua kinafungwaje.

Gambuti kwa kila mtu, hata kama utabiri unasema jua. Soksi za ziada za watoto ziache ndani ya gari, na mfuko wa kutia viatu vya matope, la sivyo utaosha gari wewe na shemeji atapata hoja nyingine. Mama mkwe mvishe joto kuliko unavyodhani inafaa. Msitu ule ukiwa na kivuli na unyevu unaingia kwenye magoti, na watu wa Tanga baridi ya magoti hawaijui mpaka waipate.

Chakula bebeni chenu. Mgahawa upo na haujanikosea kitu, lakini kwa watu sita bei inapanda, na kama mnaangalia halali mtaishia kula chipsi. Hotipoti ya chapati, mayai ya kuchemsha, kachori kama bibi anazipika, chai ya maziwa kwenye chupa kubwa. Tulipofungua yetu kwenye meza za nje, familia ya jirani ilikuwa inakula mkate baridi wenye jibini, na mama kwa Kiswahili chake akawaambia karibuni, karibuni. Wakadhani anawasalimia. Akawapelekea chapati kwa mkono. Wakala. Kwa sala, chukueni mswala wenye kitambaa kizito cha kutandika chini. Siku za baridi adhuhuri na alasiri zinakaribiana, na hakuna atakayewasumbua pembeni ya meza.

Kuna nguruwe mwitu. Ndiyo, wa kweli, na wengi. Mara nyingi hutawaona, utaona walipochimba pembeni ya njia, ardhi imepinduliwa kama imelimwa. Wanatoka zaidi usiku na hawawatafuti watu, ila mkikutana na jike mwenye watoto, msipige picha kwa karibu, mshikeni mdogo na mwondoke polepole. Mama yangu alipoambiwa alicheka sana: amevuka bahari kumkimbia nani?

Jambo moja la uhakika la kuangalia kabla ya kutoka nyumbani ni tovuti ya Forestry England, wale wanaousimamia msitu. Ugonjwa wa miti ya larch umeingia Dean na umelazimisha kukata sehemu kubwa, kwa hiyo kipande cha njia kinaweza kufungwa au kupindishwa, na sanamu nazo hubadilika. Nyingine zinaondolewa zikichakaa, nyingine mpya zinaletwa. Usimwahidi mtoto sanamu kwa jina halafu mfike mkute kisiki. Mwahidi msitu.

Mdau aliyesema mwende Yorkshire Sculpture Park badala yake, nakubaliana naye nusu. Ni pazuri sana, ipo tangu 1977 karibu na Wakefield, ina kazi za wachongaji wakubwa Henry Moore na Barbara Hepworth kwenye malisho huku kondoo wakijikuna kwenye shaba, watu wazima wanalipa kiingilio na walio chini ya miaka 18 ni bure. Mwaka 2024 Leilah Babirye, mchongaji aliyezaliwa Kampala, aliweka maonyesho pale kwenye kanisa lao la zamani, vichwa vikubwa vya mti na vya udongo wa kuchoma, na mti aliochonga ulikuwa umefia hapo hapo bustanini. Ningetoka tena kwa ajili ya ile. Lakini kutoka Bristol ni safari ya kulala, na ile ni bustani, nyasi zimekatwa, kila kitu kiko wazi unakiona kwa mbali. Mtoto wa miaka 8 anapenda kutafuta, na Dean ndipo anapotafuta.

Kuhusu kugusa, kwa kuwa uliuliza: sanamu ziguseni, kwa adabu. Kupanda juu ya vitu hapana, hasa vya mti vilivyoanza kulainika, maana vinavunjika na mtoto anaumia. Msichukue hata kipande cha Black Dome kama kumbukumbu. Nimeona watu wakifanya hivyo.

Tarehe: kama mama mkwe bado yupo mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei, chagueni hapo, chini ya miti panakuwa na maua ya bluu yametanda na matope yamepungua. Oktoba nayo ni nzuri kwa rangi ya majani, ila tokeni asubuhi, jioni giza linawahi kunyemelea na njia hazina taa. Wiki ya likizo ya shule iepukeni, maegesho yanajaa kabla ya saa tano. Na siku ya upepo mkali ahirisheni, matawi ya mialoni ile huwa yanadondoka bila hodi. Ahirisheni hata kama chapati zimeshapikwa.